Namna ya kuvuna kimeng'enya cha uyoga kwenye tope la majitaka, kwa sisi wa Dodoma

Mbukwenyi wakuu. Watu wamenipigia simu mpaka basi wakitaka kujua ile kazi yangu ya "kufuga ukungu kwenye mavi" (jina katoa shemeji, simlaumu) inaendaje, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja, mwenye kusoma asome, anayetaka video atanisamehe mi si mtu wa video.

Kuna kitu kimoja ukikielewa mengine yanakuwa mepesi. Fangasi, yaani ukungu na uyoga, hana tumbo. Sisi tunameza kwanza ndo tunasaga, yeye anatema mate juu ya chakula, chakula kinasagika hukohuko nje, halafu anafyonza ule uji. Hayo mate ndo vimeng'enya, enzaimu kama wengi tulivyozoea. Kwa hiyo humsagi fangasi wala humpasui, keshatema tayari, wewe unaosha tu chakula chake na yale maji ya kuoshea ndo mali yenyewe. Iliyobaki ni kumpa mlo utakaomfanya ateme sana, na kuhakikisha anayekula ni yeye na si mgeni aliyedandia.

Sasa tope la majitaka ni mlo wa aina yake. Sehemu kubwa ya lile tope ni miili ya bakteria, kwa hiyo naitrojeni ipo ya kumwaga, fosforasi ipo, na madini madogomadogo ambayo ukienda kuyanunua kwenye duka la kemikali utalia. Kinachopungua ni kaboni. Uwiano wa kaboni kwa naitrojeni kwenye tope unacheza kwenye 6 mpaka 10 hivi, wakati uyoga kwao ni kwenye magogo na mabua ambako uwiano unapita 50. Yaani ni kumwekea mtu nyama sahani nzima halafu ugali hakuna. Mara ya kwanza nilijaza tope tupu kwenye chupa sita nikapanda uyoga, siku ya nne zote zilikuwa uji wa kijivu na ukifungua kizibo amonia inakupiga mpaka machozi. Kwa hiyo kazi yetu hapa ni kupika ugali.

Na ugali Dodoma upo. Machicha ya zabibu yanayobaki wakishakamua mvinyo, mabua ya mtama, pumba. Wenye viwanda vidogo vya mvinyo wengi wanayatupa yale machicha, nenda msimu wa mavuno, Februari-Machi au Agosti-Septemba, utapewa bure ukibeba gunia lako.

Kimeng'enya gani na uyoga gani

Wengine wanatumia Aspergillus niger, ule ukungu mweusi, au Trichoderma. Hawajakosea, mtu anaitwa Takamine alisajili hataza Marekani mwaka 1894 ya kimeng'enya alichokuza kwa ukungu juu ya pumba za ngano, na Trichoderma reesei yenyewe ilitoka kwenye turubai na mahema ya jeshi la Marekani yaliyokuwa yanaoza visiwa vya Solomon wakati wa vita vya pili. Ila hao wote wanatoa vumbi la mbegu jingi sana, na mimi nafanyia kazi hii kwenye banda nyuma ya nyumba yenye watoto. Ukungu wa vumbi nyumbani kwangu hapana.

Mimi natumia uyoga mamama, huuhuu wanaolima watu, Pleurotus. Mbegu zake zinauzwa kwa wakulima wa uyoga, zimekuzwa kwenye punje za mtama, na unatema kimeng'enya kinaitwa lakesi. Hii lakesi ina atomi nne za shaba ndani yake na kazi yake ni kubadilisha vitu vya jamii ya tanini (ile inayokaza ulimi kwenye chai kali) na rangi. Unajua bilinganya ukilikata likakaa linavyogeuka kahawia? Pale kuna kimeng'enya ndugu yake kinafanya kazi. Ya uyoga inafanya mambo ya namna hiyo kwenye maji ya rangi na kwenye maji machafu yenye tanini.

Onyo moja kabla hujaenda mbali. Uyoga utakaoota kwenye tope HAULIWI. Unafyonza kadimiamu na madini mengine mazito na kuyalimbikiza mwilini mwake. Hata uwe mzuri vipi, hata mama mkwe akiusifia. Na kimeng'enya chenyewe usikipeleke kwenye chakula wala juisi, kinabaki kwenye kazi za uchafu.

Vitu vya kuandaa

Presha kuka kubwa (au otoklevu kama una rafiki maabara), chupa za kioo zenye mdomo mpana, pamba, spiriti, glavu, barakoa, mabuti, vikaratasi vya kupimia pH (uchachu), mizani ya gramu, kitambaa cha kuchujia nazi ambacho hakitarudi jikoni, na friji. Friji ikiwa ya familia, nunua ndoo yenye mfuniko wa kubana na uandike SUMU kwa maandishi makubwa. Mi nimewahi kukuta mtu kaidhania juisi ya ukwaju.

Hatua ya 1: kupata tope na kulituliza

Usichote kimyakimya. Tope ni mali ya mamlaka ya maji, hapa kwetu DUWASA, andika barua ueleze unataka kiasi gani na cha nini. Kuvizia usiku kwenye mabwawa kama unaiba kuku ni aibu ya bure. Chagua tope la majumbani lililokaa kwenye bwawa au kitanda cha kukaushia. Yanakomwaga gereji, wachoma betri au wasindika ngozi pita mbali, kuna risasi na kromiamu huko, na madini mazito yanaua lakesi yako kabla hujaivuna.

Halafu hapa wengi wanakosea mpangilio. Wanakausha kwanza juani, wanatwanga, vumbi linaruka wanalivuta. Jua la Dodoma ni kali lakini mayai ya minyoo ya tumbo (Ascaris) yanaweza kukaa kwenye tope kavu miezi na miezi yakingoja. Kwa hiyo mimi nachemsha KWANZA. Pipa, kuni, maji kidogo, tope lichemke kwa saa nzima huku unakoroga, ndo baadaye unatandaza kwenye turubai. Fanyia mbali na watu, mi huwa naenda shambani upande wa Mkonze kwa sababu harufu yake haielezeki. Siku nne tano limekauka linavunjika kama biskuti. Litwange, lipite kwenye chekecheke ya mchanga. Zungushia wavu, kuku wa jirani walinilia nusu turubai nikabaki namwangalia mwenye kuku nisijue nianzie wapi kumweleza asichinje wiki hiyo.

Hatua ya 2: kuchanganya

Kwa kilo moja ya mlo mkavu mimi naweka hivi: tope gramu 250, machicha ya zabibu makavu gramu 300, mabua ya mtama yaliyokatwa vipande vya sentimita moja mbili gramu 300, pumba za mtama au ngano gramu 150. Usizidishe tope juu ya robo mpaka uwe umezoea, amonia ndo adui.

Kwa nini machicha na si mabua peke yake? Sababu mbili. Machicha ni machachu na tope liko kwenye 7 au zaidi, vikikutana pH inashuka kwenye 5.5 mpaka 6.5 ambako uyoga unafurahi, hununui asidi. Sababu ya pili tamu zaidi, yale maganda na mbegu za zabibu yana tanini, na uyoga ukihisi tanini ndo unatema lakesi kwa hasira kwa sababu kazi ya lakesi ni hiyohiyo ya kupambana na vitu hivyo.

Kitu kingine cha kuuchokoza ni mrututu. Ndiyo, mrututu huuhuu wa bluu wanaopulizia mizabibu. Lakesi inajengwa na shaba, na shaba kidogo inauambia uyoga utengeneze zaidi, ila ikizidi kidogo tu inauua, si ndo maana tunaupulizia kuua ukungu kwenye zabibu. Pima gramu 1 ya mrututu uyeyushe kwenye lita 1 ya maji, hiyo ni akiba. Kwenye maji ya kuloweshea mlo weka mililita 250 za akiba kwa kila lita unayoandaa, maana yake unapata robo gramu kwa lita. Machicha yakitoka shamba linalopuliziwa sana mrututu tayari yana shaba, kwa hiyo anza na nusu ya hapo. Tumia chombo cha plastiki au kioo, usiyeyushie kwenye sufuria ya alumini utaitoboa.

Maji kiasi gani? Kwa mchanganyiko huo mkavu wa hewa weka lita moja na nusu kwanza, koroga, acha nusu saa, halafu kamata ngumi ukiwa na glavu ubane kwa nguvu. Likitoka tone moja mawili kati ya vidole uko sawa, hapo unyevu uko kwenye asilimia 60 na kitu. Yakitiririka umeharibu, ongeza mabua. Isipotoka kitu na ukifungua mkono donge linamwagika, ongeza maji kikombe kimoja. Kipimo cha ngumi kinanisaidia kuliko mahesabu maana hewa ya huku inakausha vitu kijinga, mlo uliopima jioni asubuhi si uleule.

Hatua ya 3: kuua wageni wote

Jaza chupa mpaka theluthi mbili, usishindilie, uyoga unataka hewa. Ziba na pamba, funika na karatasi ya foili.

Hapa kuna jambo la Dodoma ambalo vitabu vingi havikwambii. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Presha kuka ya pauni 15 ambayo Dar inakupa nyuzi 121, hapa inakupa kwenye 119. Si tofauti ya kutisha ila mlo wa tope una mbegu sugu za bakteria zinazopenda visingizio, kwa hiyo nikisoma mahali "saa moja" mi naweka saa moja na nusu, nahesabu kuanzia presha ilipopanda na si moto ulipowaka.

Huna presha kuka? Pika kwa mvuke wa kawaida kwenye pipa saa moja, leo, kesho na keshokutwa, kati ya siku na siku uache chupa zikae kwenye joto la chumba. Siku ya kwanza inaua walio hai, usiku mbegu zilizolala zinachipuka, kesho unazikuta zimeamka unaziua. Inachosha na inakula kuni ila inafanya kazi.

Hatua ya 4: kupanda

Alfajiri. Nasisitiza alfajiri kwa sababu kuanzia saa nne upepo wa Dodoma unaanza kubeba vumbi na kila chembe ya vumbi ina abiria. Funga madirisha, zima feni, futa meza kwa spiriti, ngoja spiriti ikauke KABISA ndo uwashe kibatari, sitaki kusikia mtu kaungua. Chupa ziwe zimepoa, shika kwa nje usihisi joto. Fungua pamba karibu na moto, mimina mbegu kwa haraka, gramu 5 mpaka 10 kwa kila gramu 100 za mlo, ziba, tikisa. Usiongee wakati unafanya.

Hatua ya 5: kungoja

Mahali pa giza, nyuzi 25 mpaka 28. Juni na Julai usiku huku kunapoa sana, zifunge chupa kwenye boksi lenye blanketi. Oktoba na Novemba ni kinyume, weka boksi ndani ya beseni lenye gunia bichi. Siku ya tatu utaona nyuzi nyeupe zinatambaa kutoka kwenye punje za mtama kama pamba iliyochambuliwa, siku ya kumi mpaka kumi na nne chupa nzima nyeupe na harufu imegeuka, ile ya tope imekwisha kuna harufu ya msitu baada ya mvua. Hiyo hata shemeji alikubali.

Kagua kila siku bila kufungua. Kijani cha majani ni Trichoderma kavamia. Nyeusi ni ukungu mweusi. Rangi ya chungwa inayokua kwa kasi ya ajabu ni ukungu wa mkate. Kijani chenye unjano ndo naomba msicheze nacho, anaweza kuwa Aspergillus flavus mwenye sumukuvu, na sisi wa mkoa huu hatuhitaji kukumbushwa, mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Chupa yenye rangi yoyote isiyo nyeupe haifunguliwi, inarudi kwenye presha kuka na pamba yake saa nzima, ndo inafukiwa.

Usisubiri uyoga utoe vichwa. Lakesi inakuwa juu wakati nyuzi zinatambaa na inashuka uyoga ukianza kuzaa, kwa hiyo anayengoja kuona uyoga mzuri kachelewa. Fungua chupa moja siku ya 8, moja ya 11, moja ya 14, upime (namna ya kupima iko Hatua ya 7), uandike kwenye daftari. Kila mlo una siku yake, ya kwangu mara nyingi ni ya 11 au 12.

Hatua ya 6: kuvuna

Toa mlo, uvunjevunje, weka maji ya baridi mara tano ya uzito wake. Maji yawe na pH 5, unarekebisha kwa asidi ya sitriki ile ya unga na magadi kidogo kidogo. Koroga taratibu kwa mwiko saa moja, usitie kwenye blenda, povu na joto vinavunja kimeng'enya. Chuja kwa kitambaa, acha kwenye friji usiku kucha yatuame, asubuhi mimina kwa upole maji ya juu. Yatakuwa na rangi ya chai ya rangi. Ndani ya friji nayatumia ndani ya wiki moja.

Mwenye mashine ya kuzungushia (sentrifuji) anaweza kukaza zaidi kwa amonia salfeti ya maabara, gramu 516 kwa lita, kidogo kidogo huku chombo kimekaa kwenye barafu, kimeng'enya kinajikusanya chini. Ya mbolea ile SA ni chafu kwa kazi hii.

Hatua ya 7: kujua kama umepata kitu au maji ya tope

Nyumbani: chemsha majani ya chai ya kijani, yapoe, gawa kwenye glasi mbili. Moja tia vijiko viwili vya maji yako, nyingine vijiko viwili vya maji yaleyale ULIYOYACHEMSHA dakika kumi. Ya kwanza ikigeuka kahawia haraka kuliko ya pili, kimeng'enya kipo. Kisha mwaga zote, si chai ya kunywa.

Maabara: wanatumia kemikali inaitwa ABTS inayogeuka kijani cha bluu, wanasoma kwenye spektrofotomita (mashine ya kupima ukali wa rangi) nanomita 420. Ukiweka mililita 0.1 ya maji yako kwenye jumla ya mililita 1 na usomaji ukapanda 0.36 kwa dakika, gawa kwa 36,000 (namba ya ABTS yenyewe) unapata mikromoli 10 kwa lita, yaani 0.01 ndani ya ile mililita moja, gawa kwa 0.1 uliyoweka, una yuniti 0.1 kwa mililita (yuniti moja ni mikromoli moja kwa dakika). Hapa Dodoma ukiwa na mtu chuoni mwombe, dakika tano zinamtosha.

Kuitumia

Nilimpelekea mama mmoja anayetengeneza batiki, maji yake ya rangi ya bluu. Nikamwaga lakesi, tukangoja, hakuna kilichotokea, nikaona aibu. Kumbe batiki inatumia kostiki soda, pH ilikuwa juu kabisa na lakesi inataka 4 mpaka 6. Nikarudi na siki, nikashusha mpaka karatasi ikasoma 5, nikatia tena. Asubuhi ndoo ya bluu ilikuwa imepauka unaona kitako. Ndoo ya nyekundu ilikuwa nyekundu vilevile. Rangi nyingi za bluu zenye mwili wa antrakwinoni zinavunjika kirahisi, ila nyekundu nyingi ni za jamii ya azo, hizo ni kaidi na lakesi peke yake mara nyingi haiziwezi.

Na lazima uweke ndoo ya tatu, ya bluu vilevile, uliyotia maji yako ya kimeng'enya yaliyochemshwa. Rangi inaweza kupungua kwa sababu tu imenasa kwenye chembe za tope zilizobaki, ukashangilia bure. Siku ile bluu ya ndoo ya tatu nayo ilipauka kidogo, kwa hiyo nikamwambia yule mama ukweli, sehemu ni kimeng'enya na sehemu ni tope. Akasema yeye anataka tu majirani waache kulalamika mfereji wa bluu.

Mabaki ya mlo yapikwe tena nusu saa, ndo yaende kwenye mashimo ya miti. Mi nimeweka kwenye miarobaini ya uani. Kwenye mchicha na matembele usiweke, ile kadimiamu haijaenda popote.